Kazi Ina Kadiri Yake

Mtu akizidisha kazi, je, pato lazima lizidi sawasawa? Sivyo. Tutazame shimo moja la madini karibu na Likasi. Mchimbaji wa pili huongeza sana, maana mmoja huchimba na mwenzake hupandisha mizigo. Akiingia wa kumi katika shimo lile lile, nafasi imekwisha. Atatoa mawe, lakini machache kuliko aliyemtangulia. Wenye elimu ya uchumi huiita kanuni ya mapato yanayopungua.

Kanuni hii haisemi kwamba bidii ni bure. Yasema kila nyongeza ina bei, na bei hiyo si jasho tu. Huko Shinkolobwe serikali ilipiga marufuku uchimbaji mwezi wa Januari 2004. Watu wakaendelea kutafuta kobalti, na mwezi wa Julai shimo likaporomoka, likaua. Hatuwalaumu, maana njaa haingoji.

Hata hivyo, sisi sote, mchimbaji, fundi au mwanafunzi akeshaye usiku, tusiulize tu, "Nitapata kitu?" Tuulize, "Kitu hicho chazidi ninachokitoa?" Pato dogo lililonunuliwa kwa uzima wa mtu ni hasara.