Kurwa Si Doto

Wanangu mnaoandika programu za zahanati, nawaonya juu ya swali moja mnalolipita mbio: ni lini rekodi mbili ni za mtu mmoja? Mnalijibu kwa mistari mitano na kuendelea na mengine. Huku delta ya Rufiji jibu hilo ndilo linaloamua nani achanjwe.

Tuseme kijijini Mbwera wamezaliwa mapacha, Hassan na Hussein. Mama mmoja, kijiji kimoja, siku moja ya kuzaliwa, jina moja la baba. Ukiandika kwamba watoto wenye tarehe, mama na kijiji kimoja ni sawa, programu itamfuta mmoja kama nakala ya mwenziwe. Akichanjwa Hassan, Hussein naye anahesabiwa kachanjwa, na muuguzi atakayefika kwa boti hatamkuta kwenye orodha yake.

Java ikiachwa bila maelekezo, huona vitu viwili ni sawa pale tu vinapokuwa kitu kimoja, kilichokaa mahali pamoja kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwa rekodi iliyosomwa mara mbili kutoka hifadhidata hilo halifai, ndiyo maana mnaandika equals yenu. Hapo mnatoa hukumu juu ya kinachomtambulisha mtu. Ufuatiliaji wa kaya ulipoanza Rufiji mwaka 1998, kila mtu alipewa namba yake ya kudumu. Majina huku hayatoshi: mjukuu hurithi jina la babu, na akina Saidi Ali Saidi ni wengi. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), yenye tarakimu 20, inawafaa watu wazima, lakini watoto wengi wanaoletwa kliniki hawana. Basi mpeni kila mtoto namba yenu siku ya kwanza, na usawa usimame juu ya hiyo.

Yupo atakayesema: nitalegeza kidogo, miaka ya kuzaliwa ikipishana kwa mmoja niihesabu sawa. Namwelewa. Wazee wengi hawana cheti. Wanahesabu umri kwa mafuriko na kwa Operesheni Rufiji, watu walipohamishwa kutoka bondeni mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini tazameni: wa 1967 anakuwa sawa na wa 1968, wa 1968 sawa na wa 1969, kisha wa 1967 na wa 1969 wanakanana. Programu ikikutana nao kwa mpangilio mmoja inapata watu wawili, kwa mpangilio mwingine inapata mmoja. Tena kukubaliana kuwe kwa pande zote mbili. Hilo huvunjika mtu anapozalisha aina ya Mjamzito kutoka aina ya Mgonjwa: Mgonjwa anamkubali Mjamzito kwa namba tu, Mjamzito anamkataa kwa kuwa anadai na wiki za mimba.

Linaloniuma zaidi ni namba ya hashi. HashSet huitumia hashCode kuchagua fungu la kuwekea kitu. Ukiandika equals ukaisahau hashCode, rekodi mbili za mtu mmoja huangukia mafungu tofauti na zote mbili zikabaki. Kisha kuna kosa linalojificha zaidi. Sensa ya 2012 ilikihesabu kijiji cha Nyamisati ndani ya Wilaya ya Rufiji; ya 2022 ilikihesabu ndani ya Wilaya ya Kibiti. Aliyetia jina la wilaya kwenye hashi, akalibadili rekodi ikiwa tayari ndani ya seti, ameipoteza. Ukizipitia moja moja unaiona. Ukiuliza kama imo, mashine inajibu haimo. Na mwenye rekodi hajahama hata hatua moja! Chochote kinachobadilika, iwe simu, kijiji, wilaya au jina la mume, kisiingie kwenye equals wala kwenye hashCode.

Na pale msipokuwa na uhakika, msiulazimishe usawa. Andikeni mbinu nyingine, yenye jina lake, ya kusema kwamba rekodi hizi huenda ni za mtu mmoja, na majibu yake yapelekwe kwa mhudumu wa afya wa kijiji anayeijua nyumba hiyo. Yeye ndiye aamue kuziunganisha, na programu itunze rekodi zote mbili za awali, ili ikionekana amekosea ziweze kutenganishwa tena.