Kabla Hujaihamisha Filta

Mwanangu, nasikia mteja amekuletea Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Anataka filta ya dizeli ihamishwe na mipira ya mafuta ipite kwingine, apate pa kufunga betri ya pili. Kazi hiyo inafanyika. Injini ile ya lita 4.2 huvumilia mengi, ila upepo kwenye mafuta haiuvumilii.

Kwanza ujue mafuta yanavutwa au yanasukumwa. Kwenye 1HZ, pampu ya nozeli ndiyo inayoivuta dizeli kutoka tangini, ikapita kwenye filta hadi kuifikia. Njia yote hiyo ni ya kuvuta. Klipu ikilegea huku, huenda usione hata tone chini ya gari, maana badala ya dizeli kutoka, upepo ndio unaoingia. Jioni gari litawaka vizuri, alfajiri litasumbua mpaka betri ichoke. Hapo fundi mwenye pupa hukimbilia kufungua pampu, kumbe pampu ni nzima.

Ukichagua mahali pa filta, kaa mbali na eksozi. Watu huidharau dizeli kwa kuwa haishiki moto upesi kama petroli, lakini ikirukia manifoldi iliyopata joto kali, huwaka bila cheche. Tena acha nafasi: chini, mkono upite kufungulia maji, juu, kiganja kikandamize pampu ya mkono. Filta isiyofikika haibadilishwi. Na maji yakiipita, pampu ndiyo inayoumia, kwa sababu haina kilainishi kingine ila dizeli yenyewe.

Mpira uwe wa mafuta, na tundu lake lisipungue lile la awali. Mpira wa maji utalainika na kuvimba. Usishawishike na bomba la shaba wala la mabati. Shaba huichakaza dizeli na zinki ya mabati huingiliana nayo. Usikunje kona kali, usiache mgongo ulionyanyuka ambapo upepo utajikusanya. Panapopita kwenye tundu la bati, weka raba. Funga mpira imara kwenye bodi, lakini unapoingia kwenye injini uache ulegee kidogo, maana injini hutikisika.

Kila ncha unayoifungua izibe papo hapo, mchanga usiingie. Tazama mshale wa filta, kisha kandamiza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

Na mteja akitaka filta ihame kwa urembo tu, mwambie pale ilipo panatosha. Utakosa ujira wa siku moja, utabaki na mteja. Lakini ukiikubali kazi, usimkabidhi gari jioni hiyohiyo. Lilaze. Asubuhi, injini ikiwa baridi, liwashe mwenyewe. Likishika kwa mara ya kwanza, ndipo upokee pesa yako.