Dalali Anasema kwa Kinywa Chenu

Wenye nyumba wa Morogoro, sikilizeni. Nanyi madalali mnaokaa vijiweni kuanzia Msamvu hadi Kihonda, sikilizeni.

Dada anatafuta chumba na sebule. Kazi anayo, kodi ya miezi sita anayo mkononi. Swali la kwanza analokutana nalo: mumeo yuko wapi? Akisema hana mume, chumba kilichokuwa wazi asubuhi kimepata mtu jioni. Mama mwenye watoto wanne anaambiwa nyumba hii haitaki kelele. Kijana anayetembea kwa magongo anaambiwa hapa hutaweza, kabla hata hajaonyeshwa mlango. Mwingine anaulizwa kabila, mwingine anaulizwa anasali wapi. Kila mara jibu huletwa na dalali, naye hulitoa akiwa ametazama pembeni: siyo mimi, ni masharti ya mwenye nyumba.

Huu ni uovu, na mmeuzoea hadi mnauita utaratibu.

Mnajua mji huu umejengwa na nani? Katika karne ya 19 Kisabengo alikusanya watu waliotoroka utumwa na wasio na kwao, akajenga mji wenye ukuta chini ya milima ya Uluguru. Msafiri Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji huo chini ya binti yake, Simbamwene, na jina hilo ndilo ulilojulikana nalo kwa wapita njia. Mji uliotawaliwa na mwanamke leo unamnyima mwanamke chumba kwa kuwa hana mwanamume wa kumsimamia! Tazameni na huko mlimani. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na ardhi ya ukoo imerithiwa kwa njia hiyo vizazi na vizazi. Binti wa Matombo au Mgeta ambaye kwao ana haki ya shamba kwa damu ya mama yake anashuka mjini kufanya kazi, na huku chini anaambiwa hatoshi kukabidhiwa ufunguo.

Halafu nendeni Mazimbu. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, lililokuwa shamba la mkonge, wakajenga shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Watoto waliosoma pale walitoka katika nchi ambayo tangu sheria ya mwaka 1950 ilipanga kwa rangi ni nani akae mtaa gani. Wengine wamezikwa pale pale Mazimbu. Mwaka 1992 walirudi kwao, wakatukabidhi majengo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wanafunzi wa kampasi hiyo hiyo wakitoka nje ya geti kutafuta chumba, wanaulizwa kabila. Tuliwapa hifadhi waliokimbia ubaguzi wa makazi, kisha tukaufuga wenyewe uani. Wazee waliotoa ardhi ile wangetutazama usoni wakasema nini?

Sasa nawajia madalali. Mmejikinga nyuma ya methali ya mjumbe hauawi. Lakini mjumbe hufikisha ujumbe alivyopewa, nanyi hamfikishi mlivyopewa. Mwenye nyumba amesema 70,000 kwa mwezi, nyinyi mnamwambia mpangaji 80,000. Kwa miezi sita hiyo ni 60,000 ya cha juu, haijulikani kwa mwenye mali wala kwa anayelipa. Juu yake mnadai mwezi mzima wa udalali, na kabla ya hapo mmeshachukua hela ya kwenda kuona, hata kwa nyumba mnayojua ina mtu ndani. Mpangaji akisita, mnamzushia mteja hewa: kuna mtu yuko njiani na hela taslimu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kupandisha bei kwa mnunuzi wa uongo, na wengi wenu mmelisikia hilo msikitini. Waliosikia kanisani wanajua manabii walivyowakemea wenye mizani ya hila.

Tena mnakula pande mbili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala. Wakala hufuata maelekezo ya aliyemtuma, humpa hesabu ya kila alichopokea kwa ajili yake, na hafanyi biashara yake mwenyewe kwa siri ndani ya kazi aliyotumwa. Cha juu mnachoficha si ujanja wa mjini. Ni mali ya mtu.

Sheria hiyo hiyo inawageukia nyinyi wenye nyumba, na hapa ndipo karipio langu lina uzito wote. Wakala akifanya jambo ndani ya mamlaka mliyompa, huhesabiwa kwamba mmelifanya nyinyi. Mkataba alioufunga kwa niaba yenu ni wenu, na deni aliloliingia kwa niaba yenu ni lenu. Basi na aibu ni yenu. Mlipomwambia dalali "usiniletee wasioolewa", mlitaka neno lisemwe na wengine huku nyinyi mkibaki watu wema wa mtaani, wa kwanza kwenye safu ya swala, wa kwanza kwenye kamati ya parokia. Halikusemwa na mwingine. Mlilisema nyinyi, kwa kinywa chake.

Mtasema: nyumba ni yangu, nina haki ya kuchagua. Chagueni. Ulizeni kama mtu analipa kwa wakati. Kataeni anayepiga muziki usiku kucha, anayevunja vitu, anayegombana na majirani. Huko ni kumpima mtu kwa matendo yake. Kabila si tendo, kutoolewa si tendo, ulemavu si tendo, na mtoto si kosa la mama yake. Katiba yetu, ibara ya 13, imeeleza kubagua ni nini: kuwahudumia watu kwa kuangalia kabila, mahali walikotoka, dini, jinsia au hali yao ya maisha. Makatazo yake yanawalenga zaidi wenye mamlaka ya umma, na sheria iliyodhibiti kodi za nyumba tangu 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mpangaji amebaki akitegemea zaidi mkataba wake, kama amepewa. Udhaifu huo wa sheria mmeugeuza ruhusa. Wamarekani walipitisha sheria ya haki katika makazi mwaka 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Mwaka 1974 wakaongeza jinsia, na 1988 wenye ulemavu na familia zenye watoto. Kenya ilitunga sheria ya kuwasajili mawakala wa nyumba mwaka 1984. Wabunge wetu wanaoomba kura Morogoro waulizwe wanangoja nini.

Nasi tunaobaki hatuna usafi wa kujivunia. Mpangaji aliyekwisha kuingia husikia jirani mtarajiwa akikataliwa getini, akanyamaza kwa kuogopa kodi kupandishwa. Kuna wapangaji wanaokwenda wenyewe kwa mama mwenye nyumba kumwomba asiweke watu wa kabila fulani. Mwenyekiti wa mtaa anawajua madalali wote matapeli, na bado anapokea barua walizoandika. Na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, kila mwenye banda Kihonda anaota mpangaji kutoka Dar es Salaam, huku jirani yake wa miaka kumi akipewa notisi ya mdomo.

Acheni. Dalali, taja ujira wako mapema, andika risiti, useme wazi unamtumikia nani kati ya hao wawili. Hela ya kuonyesha nyumba isiyokuwepo, rudisha. Ukipewa sharti la kubagua, likatae hapo hapo, hata kama unapoteza mwezi wako. Mwenye nyumba, kutana na mpangaji wako uso kwa uso, mwandikie mkataba wenye bei uliyoitaja mwenyewe, na lile ambalo huwezi kumwambia ukimtazama machoni usimtume mtu akamwambie. Jirani, ukisikia mtu anakataliwa kwa kabila lake, toka nje useme kwa sauti kwamba hilo si haki.

Vyuo vikifungua muhula, mamia ya vijana watashuka stendi ya Msamvu na mabegi yao. Wapigieni simu madalali wenu leo, kabla hawajafika, mkayafute yale masharti.