Simu Kongwe na Deni la Mwenyewe

Katika nyumba nyingi za mwambao, ukivuta mtoto wa meza au ukifunua kasha la nguo hutakosa kuikuta: simu ya mkononi iliyoachwa, kioo kimeingia ufa, namba zimefutika juu ya vitufe, na chaja yake imezongwa pembeni kana kwamba safari ni kesho. Haitumiki, wala haikutupwa. Mwenyewe akiulizwa anaiwekea nini, hujibu neno moja tu: "Itafaa." Itafaa nini, itamfaa nani, na lini, hasemi. Hata hivyo, neno hilo dogo linabeba swali zito la maadili. Mtu ana wajibu gani kwa kitu kilichokwisha kumtumikia, nacho kingali na uhai ndani yake?

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, alipozungumzia mali katika kitabu chake cha siasa, alitoa mfano wa kiatu. Kiatu kina matumizi mawili, kuvaliwa na kubadilishwa kwa kitu kingine. Yote mawili ni matumizi ya kiatu, ila ya kwanza ndiyo aliyoyakusudia mshoni. Watu wa pwani wangeliongeza ya tatu, ya nne na ya tano bila ya kutoka nje ya ua. Kanga mpya huvaliwa harusini. Ikichujuka huvaliwa jikoni. Ikilegea huwa mbeleko, kisha winda la mtoto mchanga, na mwisho huwa tambara la kuepulia chungu. Kifuu cha nazi huwa upawa, na makumbi husokotwa yakawa kamba. Mbao za jahazi lililochoka na bahari hupanda nchi kavu zikawa viti na meza. Kila kitu huteremka ngazi yake daraja baada ya daraja, na hapana daraja iliyo ya aibu. Hata taka za plastiki zimewahi kuonjeshwa heshima hiyo: chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa na kuvishwa ndara zilizookotwa, kilitweka tanga mwaka 2019 kikafika Unguja.

Ama simu haikuundiwa ngazi. Kanga hufa kwa kuchakaa, lakini simu huambiwa imekufa ingali nzima. Iliyokuwa Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilikuwa na tochi kichwani, na betri yake ilitoka kwa ukucha. Nyingi zilizokuja baadaye zilizibwa kwa gundi, programu zake zikaachwa bila ya kurekebishwa, na mwenyewe akaaminishwa kuwa mkononi ameshika maiti. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 inayotaka, kuanzia mwaka 2027, betri za vyombo kama hivi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Hilo ni jema, lakini sheria haifanyi kazi ya dhamiri. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nao waundaji wa simu wameijua methali hii kuliko waliyoitunga.

Hapana shaka simu kongwe ina kazi nyingi iwezazo. Isiyo na laini bado ni saa ya kuamshia daku, ni tochi ya usiku wa umeme kukatika, ni redio ya mvuvi, ni kinasa sauti. Kazi hii ya mwisho ingelitosha peke yake kuipa uzito. Katika kila kisiwa wamo wazee waliohifadhi vifuani nyimbo za kutwanga, majina ya pepo na miamba, na maana za maneno ambazo hazimo katika kamusi yoyote. Simu iliyolala ndani ya mtoto wa meza inaweza kuyapokea yote hayo kwa jioni chache, kabla vifua hivyo havijafukiwa. Mbali zaidi, huko Sumatra, Mmarekani Topher White alitundika mitini mwaka 2013 simu zilizokwisha kuachwa, zikala nguvu ya jua na kusikiliza msitu. Uliposikika msumeno wa wezi wa magogo, zilipeleka habari. Chombo kilichofanywa kwa soga za watu kikawa sikio la msitu.

Lakini hapa ndipo mtu anapopaswa kujihadhari na nafsi yake. Si kila matumizi mapya ni wema. Mara ngapi simu kongwe "hutafutiwa kazi" ili mwenyewe apate kununua mpya na moyo wake ukatulia? Mara ngapi hupewa jamaa wa shamba, betri haishiki saa mbili, kioo hakisomeki, kisha mtoaji akangojea kushukuriwa? Kumpa mwenzio kilichokushinda si ukarimu. Hapo umemhamishia kazi ya kukitupa. Yanayotendeka baina ya mtu na jamaa yake ndiyo yatendekayo baina ya nchi na nchi. Mkataba wa Basel, uliopitishwa mwaka 1989, uliwekwa ili taka zenye sumu zisivushwe mipaka ovyo ovyo, na bado makontena yalifika bandari za Afrika Magharibi yakiwa na vyombo vibovu vilivyoandikwa kuwa ni mitumba. Agbogbloshie, mjini Accra, vijana walichoma waya ili wapate shaba, na moshi wake wakauvuta wao. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na kiasi cha humusi na ushei tu ndicho kilichothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Na kuna deni jingine lililo karibu zaidi na wasemaji wa lugha hii. Kobalti inayotiwa katika betri hutoka kwa wingi Kolwezi na kandokando yake, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi itoayo zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Na koltani huchimbwa katika milima ya Kivu. Huko kote Kiswahili husemwa. Mtu anayeingia shimoni na sururu huita mama, huhesabu na huomba kwa maneno yale yale ambayo mkazi wa mwambao huyasema katika simu hiyo. Anayeitupa simu nzima kwa sababu jirani amenunua mpya, anaitupa pamoja na jasho la nduguye wa lugha. Israfu, basi, si hasara ya mwenye mali peke yake. Ni dharau kwa mkono usioonekana.

Limebaki swali gumu kuliko yote. Chukua mfano wa mama aliyefariki akaacha simu. Ndani yake zimo jumbe za sauti yake: anakumbusha dawa, anauliza samaki amepatikana, anacheka. Bintiye huichaji kila Ijumaa na kusikiliza. Kaka yake binti anasema simu hiyo apewe mjukuu, anayesoma bila ya chombo. Nani mwenye haki? Kant, Mjerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba kitu kina bei na mtu ana utu. Sauti ya maiti ndani ya kitu, je, iwekwe upande gani wa mzani huo?

Wote wawili wana haki, nao wote wawili wamesahau jambo moja. Katika simu ile hamna sauti ya mama peke yake. Wamo majirani waliomweleza madeni yao, yumo shoga yake aliyemsimulia ugonjwa asioujua mume, yumo mke aliyelia kwake usiku. Hayo hayarithiwi. Ilikuwa ni amana, na amana haigawiwi pamoja na kitanda na sahani. Kabla ya kufikiriwa nani aipate simu, siri za watu zifutwe, na zifutwe bila ya kusomwa. Sauti ya mama nayo ihamishwe pahala pa salama, kwani betri iliyofungiwa miaka huvimba, na anayeing'ang'ania ngozi anaweza kupoteza kiini. Lakini binti asiharakishwe. Kwake yeye kufuta ni namna ya kuaga, na kuaga hakuna saa. Yakishatimia hayo, simu impate mjukuu, naye aambiwe ilikuwa ya nani.

Ndipo unapodhihiri upungufu wa lile neno "itafaa". Anayelisema ameanza na chombo, kisha anangoja haja ije yenyewe imkute. Njia iliyo sawa ni kinyume chake: aanze na haja, amtazame mwanafunzi asiye na kitabu, mzee ambaye nyimbo zake hazijanaswa, mvuvi asiye na redio, kisha ndipo aufungue mtoto wa meza. Akikuta kinachofaa, akitengeneze kwanza kwa fundi, akitie betri inayoshika, na akitoe kikiwa kizima. Asipomwona anayekihitaji, akipeleke kwa wanaojua kukivunja bila ya kuchoma, madini yake yapate kutumika tena. Na kama bado kinamtumikia yeye mwenyewe, basi wahenga walikwisha kumwambia asiache mbachao kwa msala upitao.