Ushindi Uliokwisha Kuandikwa: Mieleka ya Kulipwa na Suala la Kadari

Mashabiki wa mieleka ya kulipwa mjini Isiolo, wawe wamebanana kwenye mabenchi ya kibanda cha video huko Bulla Pesa au wamezunguka simu moja barazani baada ya sala ya alasiri, hawabishani tena kama mapigano hayo ni ya kweli au ya kuigiza. Suala hilo lilikwisha kujibiwa hadharani mwezi Februari 1989, pale wawakilishi wa kampuni ya Vince McMahon walipoliambia Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey, nchini Marekani, kwamba mieleka yao ni burudani wala si shindano, ili waepukane na usimamizi na kodi za tume ya michezo. Linalobishaniwa siku hizi ni gumu zaidi, nalo ni nani aliyestahili kushinda. Hapo ndipo penye fumbo, kwa maana mtu husemwa kuwa amestahili ushindi pale juhudi yake inapouleta, ilhali katika mieleka hii mshindi huteuliwa kabla kengele haijalia. Anayeona dhuluma katika matokeo ambayo anajua fika kwamba yaliandikwa mapema huenda akadhaniwa mpumbavu. Lakini si mpumbavu hata kidogo, na ubishi wake, bila yeye kukusudia, unapita njia ileile waliyoipita wanatheolojia wa Kiislamu na wa Kikristo walipojadili kadari, yaani mpango wa Mungu unaoyatangulia matendo ya wanadamu.

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kwanza kuona kazi yenyewe inavyofanyika. Waandishi wa kampuni huamua mshindi na mkondo wa kisa, wapiganaji wawili hukubaliana juu ya miondoko ya mwisho, na mengi ya katikati hupangwa papo hapo kwa kunong'onezana wakiwa wamekabana, huku refa, ambaye mtazamaji humdhania mwamuzi tu, akipitisha ujumbe kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Anayebebwa juu na kubwagwa humsaidia anayembeba kwa kuruka kidogo. Akiwa hewani hubana kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, kisha huangukia mgongo mzima kwa mara moja, akiipiga sakafu kwa viganja vya mikono yote miwili ili kishindo kisambae mwilini badala ya kukaa mahali pamoja. Sakafu yenyewe ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa kwa godoro jembamba na turubai, na baada ya miaka kumi ya kuiangukia hakuna mgongo unaobaki salama. Yanayoandikwa, basi, ni matokeo. Maumivu hayaandikwi na mtu. Owen Hart, mwanamieleka wa Kanada, alipoporomoka kutoka karibu na paa la ukumbi mjini Kansas City tarehe 23 Mei 1999, wakati akishushwa kwa kamba kuelekea ulingoni, alikufa kifo ambacho hakuna mwandishi aliyekipanga, na onyesho likaendelea kana kwamba kimepangwa.

Kisa kinachofaa zaidi kupima dai la mashabiki ni cha Kofi Kingston, aliyezaliwa Ghana mwaka 1981, ambaye kampuni ilimtambulisha hapo mwanzo kama mtu wa Jamaika, na ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mtu wa kufungua maonyesho, kuchangamsha watazamaji na kuwapisha wakubwa. Februari 2019 alipewa nafasi ya mwenzake aliyejeruhiwa, akaicheza kwa namna iliyowafanya watazamaji waanze kulitaja jina lake kwa pamoja kumbi kwa kumbi, na tarehe 7 Aprili mwaka huo, katika uwanja wa MetLife huko New Jersey, akamshinda Daniel Bryan na kuutwaa mkanda mkuu wa ubingwa, akiwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuufunga kiunoni. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akapokonywa na Brock Lesnar kwa sekunde chache tu, na wiki iliyofuata hakuna aliyelizungumzia jambo hilo kwa uzito wowote. Shabiki wa Isiolo anayekitaja kisa hiki kwa uchungu hadai kwamba Kingston angeweza kumshinda Lesnar katika vita vya kweli. Pengine hilo halimshughulishi kabisa. Anachodai ni kwamba miaka kumi na moja ya kubebesha mwili mzigo huo haikupewa hata dakika tano za kushindwa kwa heshima. Anatofautisha, bila kuwa na istilahi za kufanyia hivyo, kati ya tukio lenyewe na namna lilivyobebwa na aliyelibeba.

Tofauti hiyo ina historia ndefu. Katika karne za mwanzo za Uislamu walikuwako Jabriyya, waliosema kwamba mwanadamu hana hiari yoyote na kwamba hulitenda tendo kama vile unyoya unavyopeperushwa na upepo. Wakawako pia Muutazila, waliojibu kwamba Mungu mwadilifu hawezi kumwadhibu mtu kwa tendo asilolichagua, na kwa hiyo mwanadamu mwenyewe ndiye muumba wa matendo yake. Kati ya pande hizo alisimama Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936, na mafundisho yaliyonasibishwa naye ndiyo yaliyofuatana kwa muda mrefu na madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani na wa kaskazini mwa Kenya wameyashika. Al-Ash'ari alifundisha kwamba Mungu huliumba tendo na mwanadamu hulichuma. Uchumaji huo, ambao kwa Kiarabu huitwa kasb, ndio unaomfanya mtu asifiwe au alaumiwe kwa jambo ambalo kuwako kwake hakukutoka mkononi mwake. Wapinzani walilalamika kwamba fundisho hilo ni jembamba mno kushikika, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali ambapo uchumaji unaonekana kwa macho kuliko ulingoni, ambako wanamieleka wawili wanaweza kupewa kushindwa kulekule, mmoja akakuchuma kwa uvivu na mwingine akakuchuma kwa ufundi unaobaki vinywani mwa watu kwa miaka ishirini.

Upande wa Wakristo ubishi ulikuwa mkali vilevile. Kanisa la Presibiteri limetokana na mapokeo ya John Calvin, aliyesisitiza kwamba Mungu aliwateua watakaookoka kabla ya kuumbwa kwao, ilhali Kanisa la Methodisti, lililoota mizizi katika nchi jirani ya Meru tangu mwanzoni mwa karne ya 20, limetokana na John Wesley, ambaye mwaka 1739 alihubiri waziwazi dhidi ya fundisho hilo, akakosana na rafiki yake George Whitefield kwa sababu yake. Mjini Isiolo, ambako Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru na Wasamburu hukutana sokoni na kuelewana kwa Kiswahili, warithi wa mabishano yote hayo wanakaa benchi moja mbele ya skrini moja, na inaelekea wanakubaliana kuhusu Lesnar kwa wepesi kuliko wanavyokubaliana kuhusu Calvin.

Kuna jambo jingine linaloyasogeza mambo haya mawili karibu zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, dua ndiyo inayotajwa kuwa na uwezo wa kuirudisha kadhaa, hukumu ya Mungu iliyokwisha kupitishwa, na wanazuoni, kwa kuona ugumu wa kauli hiyo, wakatofautisha kati ya kadhaa iliyokatwa, isiyobadilika, na kadhaa iliyotundikwa, yaani iliyofungamanishwa na sharti, mathalani kwamba mtu atapona akiombewa. Biblia nayo inasimulia juu ya Mfalme Hezekia, aliyeambiwa na nabii kwamba atakufa, akageukia ukuta akalia na kuomba, akaongezewa miaka 15. Mieleka ina Hezekia wake, naye ni huyohuyo Daniel Bryan ambaye baadaye Kingston alimvua mkanda. Mwaka 2013 kampuni ilikuwa imemweka Bryan katika daraja la watu wazuri wa kati, mfupi, asiye na umbo la bango la matangazo. Tarehe 26 Januari 2014, mjini Pittsburgh, watazamaji walipotambua kwamba hatatokea kabisa katika pambano la watu thelathini, walizomea kila kilichofuata, wakamzomea Rey Mysterio, kipenzi chao cha miaka yote, kwa kosa la kutokea wa thelathini mahali pa Bryan, wakamzomea na Batista aliyeandikiwa ushindi. Mmoja wa nyota wakubwa, CM Punk, akaondoka kwenye kampuni siku hizohizo. Mpango wa mwaka mzima ukafumuliwa, na tarehe 6 Aprili 2014, mjini New Orleans, Bryan akashinda mara mbili usiku mmoja na kuvikwa ubingwa.

Kilio cha watu, kwa hiyo, kiliirudisha kadhaa ya kampuni. Lakini hapohapo ndipo ulinganisho unapokatika, na ni lazima ukatike, kwa kuwa kumweka mwandishi wa michezo ya jukwaani sambamba na Muumba kungekuwa utovu wa adabu na, zaidi ya hayo, kosa la kimantiki. Mwanamieleka anajua alichoandikiwa. Mwanadamu hajui, na wapo wanazuoni walioona kwamba kutojua huko ndiko kunakomwachia nafasi ya kutenda. Halafu mwandishi wa mieleka ni mtumishi wa mfanyabiashara. Kampuni iliyokuwa ya McMahon tangu Septemba 2023 imekuwa sehemu ya TKO, shirika linalouza hisa sokoni, na tangu 2018 ina mkataba wa miaka kumi na Saudi Arabia, ambako wanawake hawakuruhusiwa kupigana ulingoni hadi tarehe 31 Oktoba 2019, Natalya na Lacey Evans walipopambana mjini Riyadh wakiwa wamefunika miili yao. (Walimu wa dini ambao kwa miaka mingi wamewakanya vijana kwa sababu ya mapaja wazi na ngumi za usoni wana haki ya kushangaa kwamba sharti la stara lilitimizwa na mkataba wa biashara mahali ambapo mawaidha hayakufua dafu.) Anayemlaumu mwandishi wa namna hiyo hamkufuru mtu. Anamdai mchuuzi bidhaa aliyoilipia.

Mamlaka ya kuandika, yakiwa mikononi mwa mchuuzi, huwafikia hata wasiowahi kukata tikiti, na Afrika Mashariki inalijua hilo. Mwaka 1982, mjini Memphis, mwanamieleka James Harris, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi, alipakwa rangi usoni na kifuani, akavuliwa viatu, akapewa barakoa na mkuki, akaitwa Kamala, Jitu la Uganda. Hakuruhusiwa kusema Kiingereza mbele ya watu. Kisa chake kilidai kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin, na ujinga wake wa kujifanya, kama vile kutojua namna ya kumlaza mpinzani ili ahesabiwe, ulikuwa kichekesho cha kila usiku. Harris aliifanya kazi hiyo kwa ustadi, na hadi kifo chake mwezi Agosti 2020 wengi walimjua kwa jina hilo kuliko la kwake. Yeye aliichuma nafasi yake kwa hiari, walau kwa kadiri ya hiari aliyonayo mtu anayetafuta riziki. Waganda hawakuulizwa. Mtoto wa Nairobi, Isiolo au Kampala aliyemtazama Kamala kwenye kaseti alifundishwa kumcheka jirani yake, pengine kujicheka mwenyewe, bila kuwapo agano lolote kati yake na walioandika kisa, na hapa dai la dhuluma lina uzito kuliko katika mkanda wowote uliopokonywa.

Jibu lilikuja kutoka Mukono, nje kidogo ya Kampala, ambako mwaka 2023 Daniel Bumba, ajulikanaye kama Bumbash, alianzisha Soft Ground Wrestling, kundi la vijana wanaopigana katika ulingo wa miti na udongo uliolainishwa kwa maji, na ambao video zao zimetazamwa duniani kote. Kule matope ndiyo godoro. Vijana wale huruka kutoka juu ya miti na kuangukia migongo kwa kanuni zilezile za kidevu na viganja, lakini majina, mbwembwe na visa ni vya kwao, na anayeandikwa kuwa mjinga wiki hii anaweza kuwa mjanja wiki ijayo.

Tukirudi kwenye mieleka ya Marekani, mjadala ambao bado haujapoa ni wa mwanamieleka John Cena, ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini alijengwa kama mtu asiyekata tamaa, akatangaza kwamba 2025 ungekuwa mwaka wake wa mwisho, na katika pambano lake la kuaga, mjini Washington tarehe 13 Desemba, akasalimu amri mikononi mwa Gunther wa Austria kwa kugonga mkono, ishara ya kukubali kushindwa. Ukumbi mzima ulizomea, na aliyezomewa hasa hakuwa Gunther, bali Paul Levesque, maarufu Triple H, mkuu wa waandishi wa visa, alipojitokeza. Kundi moja la mashabiki linasema kwamba mwandishi hana haki ya kuuvunja ukweli wa mhusika aliyemjenga mwenyewe; kundi jingine linakumbusha desturi ya kale ya ulingo, kwamba anayeondoka hulala chali ili anayebaki ainuke. Walioitazama sekunde ile ya mwisho wanataja jambo moja zaidi, kwamba Cena alitabasamu kabla ya kugonga. Walimu wa maadili ya Kiislamu huiweka ridhaa, yaani kuyapokea yaliyokadiriwa kwa moyo mkunjufu, daraja moja juu ya subira, ambayo ni kuyavumilia tu, na tabasamu lile, hata kama nalo liliandikwa, lilikuwa la daraja hilo la juu. Mashabiki waliozomea hawakuwa na ridhaa wala subira, na hawakuwajibika kuwa nazo, maana aliyeliandika jambo alikuwa amesimama mbele yao, ana jina, ana mshahara, na tikiti walikuwa wameilipia wao.