Zinki Haiulizwi

Mashua ya tanga iliyokaa miezi katika maji ya chumvi ikipandishwa nchi kavu, mwenyewe hukagua mapema vipande vya zinki vilivyofungwa karibu na rafadha. Vimewekwa pale ili viliwe. Metali mbili tofauti zikiunganishwa ndani ya maji ya chumvi, ile inayoachia elektroni kwa urahisi zaidi huliwa, nyingine husalimika. Zinki ikibaki kama nusu, hubadilishwa. Wataalamu wanaiita kafara.

Kasulu na Kibondo ni mbali na bahari, lakini kafara hiyo tunalala chini yake. Bati la paa ni chuma kilichovikwa zinki. Likikwaruzwa, zinki ya pembeni huliwa kwanza. Hakuna anayeifikiria mpaka siku bati linapoota kutu.

Familia nyingi huku zinaishi hivyo. Shamba la maharage halisomeshi watoto wote, basi mmoja, mara nyingi binti wa kwanza, anaacha shule ili wengine waendelee. Dada yangu aliachia kidato cha pili. Mimi leo nasoma shahada ya uzamili. Kwenye sherehe watu humsifu: "Amejitoa." Alijitoa, au alitolewa?

Zinki huliwa kwa sababu ndivyo ilivyoumbwa. Dada hakuwa na akili pungufu kuliko sisi. Alichaguliwa.

Wapo wanaosema kafara ilifaa kwa kuwa tuliolindwa tumefaulu. Mwaka 1824 Humphry Davy alipendekeza shaba iliyofunika meli za kivita za Uingereza ilindwe kwa vipande vya zinki au chuma. Shaba ilipona kweli. Lakini kwa kuwa haikuliwa tena, haikutoa sumu iliyozuia viumbe vya baharini kushikamana nayo. Vikajazana chini ya meli, mwendo ukapungua. Kulindwa peke yake hakumfanyi mtu awe wa maana.

Wengine husema hapakuwa na njia nyingine. Kwa mwaka ule, nakubali. Ila dhiki ya mwaka ule haiwezi kuwa sababu ya kumwacha pale pale mpaka leo. Mwenye mashua anajua wajibu wake: kutazama kilicholiwa, na kubadilisha kabla hakijaisha. Sisi tumetoa sifa, tukadhani tumebadilisha.

Njia ipo: Mtihani wa Maarifa, yaani QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini kumlipia ada bila kumuuliza ni kumwamulia mara ya pili. Ndiyo maana nilimuuliza. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitaka kwanza kujua nani atakaa na maharage yake sokoni siku za mtihani. Swali hilo ni letu kulijibu, sisi tuliosoma.