KILIO CHA MAZOEZI

Ndugu msomaji, hivi mtu akikifanyia mazoezi kilio, kilio hicho bado ni cha kweli?

Nauliza kwa sababu nimefanya. Hapa Kemondo, kila ifikapo 21 Mei, zipo nyumba zinazokumbuka watu wao. Meli ya MV Bukoba ilipita bandarini kwetu, ikachukua abiria, na asubuhi ya 21 Mei 1996 ikapinduka karibu na Mwanza. Mamia walikufa. Mimi sikuwa nimezaliwa. Jirani yetu mmoja, bibi aliyempoteza mumewe humo, alipofanya kumbukumbu nikaombwa niseme kwa niaba ya vijana. Si unajua, ukishamaliza fomu foo na ukaonekana na daftari, basi wewe ndiye msemaji.

Nilijiandaa jamani! Siku tatu naongea na ziwa. Nikapanga pa kupaza sauti, pa kuishusha, na baada ya neno "mawimbi" nikapanga kunyamaza kidogo, kama mtu aliyekabwa na machozi. Siku yenyewe nikanyamaza palepale. Akina mama wakaangua kilio. Na mimi, niseme ukweli, moyoni nikafurahi: imekubali!

Wapo watakaosema dawa ni kusimama bila kujiandaa, moyo useme wenyewe. Sikubali. Tarehe 2 Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameingia mkoani kwetu, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita kwa mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Maneno yaliyopangika hivyo hayaokotwi njiani. Ila sababu aliyoitaja ilionekana kwa macho. Wengi wa ng'ambo ya mto Kagera walikuwa wameshakimbia makwao. Yeye aliandaa jambo. Mimi niliandaa koo.

Baada ya sala yule bibi akaniita jikoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umesema vizuri. Sasa niambie, mzee wangu alikuwa anaitwa nani?"

Kurasa mbili nzima, jina halikuwemo.

Hakunigombeza. Akanisogezea kigoda, akanisimulia: mzee alikuwa mwoga wa maji, na siku ile alirudi kutoka njiani kuchukua koti, akisema usiku ziwani kuna baridi. Hapo koo likanikaba kweli, na hakuna aliyekuwa akinitazama.

Mwakani wakiniomba tena nitataja jina, nitasimulia koti. Lakini hapo ndipo ninaposhikwa. Nikishaliandika daftarini, nikalisomea ziwa siku tatu, nikajua ni wapi watu watalia, si nitakuwa nimelipanga na lenyewe?